Mfuko wa Kushoto

Dada mtu ndiye aliyeliona kwanza, na kama ilivyo tabia yake hakulizungusha.

"Wewe, tangu lini unafungua mlango kwa mkono wa kushoto?"

Mdogo wake alisimama kizingitini na ufunguo mkononi. Ndugu na marafiki walimwita Dirisha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupamba madirisha ya duka kubwa la nguo, na jina lilimganda hata mama yao akaacha kutumia lile la kuzaliwa. Aliutazama mkono wake. Kweli, ulikuwa wa kushoto. Ulikuwa umeingia mfukoni, ukatoa ufunguo na kuuzungusha kwenye kitasa bila kubabaika, mkono ambao miaka yote haukuweza hata kukata kitunguu.

"Mfuko uko upande huo," alisema. "Ulitaka niuzunguke?"

"Na jana kwenye chai? Kikombe nacho kilikuwa mfukoni?"

Dirisha alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Aliingia chumbani, akaketi kitandani, akaivuta mikono ya koti lake ifunike vifundo vya mikono yake. Haikufunika. Koti lile, kama nguo zake zote siku hizi, lilimkaa sawasawa mabegani na kiunoni, lakini mikononi lilimpungukia kidogo, na vifundo vyake vilikuwa baridi mchana kutwa.

"Acha kuvuta," Dada alisema. "Kila saa unavuta. Huyo fundi wako wa nguo anasifiwa mtaa mzima kwa sindano yake, halafu kwako kila nguo fupi mikono. Na leo unakwenda kumpa jibu la maisha yako."

Hilo ndilo lililomleta Dada asubuhi ile. Wiki iliyopita Fundi alikuwa amemwomba Dirisha waoane. Hakupiga magoti wala hakutoa pete. Alikata uzi kwa meno, akaweka kando suruali ya mteja, akasema, "Ukija kuchukua gauni lako la kijivu, njoo na jibu. Mimi nakupenda, na sijui kulisema vizuri kuliko hivyo." Tangu hapo Dirisha alikuwa akikosa usingizi, na alijiambia kwamba ni furaha.

"Mjane," Dada aliendelea, akihesabu makosa ya Fundi kwa vidole. "Anaishi na mama wa marehemu mkewe. Hazungumzi mpaka umchokoe. Hebu niambie, ulimpendea nini hasa?"

"Hatupi vitu."

"Hata jalala halitupi vitu, mdogo wangu."

Safari hii Dirisha alicheka kwelikweli, kwa sababu Dada akiamua kukuudhi anakuchekesha kwanza. Lakini jibu lake lilikuwa la kweli. Kazini kwake dirisha lilibadilishwa kila wiki. Nguo zilizokuwa zinaitwa mpya Jumatatu iliyopita zilishushwa Jumatatu hii zikatiwa kwenye mifuko, na yeye, kwa punguzo la wafanyakazi, alirudi nyumbani na mfuko kila wiki. Kabati lilijaa, likavimba, mwisho bawaba ya mlango ikang'oka na nguo zikamwagika hadi mlangoni. Alipokuwa akiziokota alikuta blauzi mbili zilizofanana, zote zina lebo ya dukani, na hakukumbuka kununua hata moja.

Alikaa sakafuni siku ile hadi miguu ikafa ganzi. Akaichukua nguo mojamoja na kujiuliza kama ana lolote la kusimulia juu yake. Zilizokosa hadithi aligawa. Zilizobaki zilikuwa chache, na kwa kuwa ndizo alizozivaa kweli, karibu zote zilikuwa na tundu, pindo lililoachia au kwapa lililochanika. Hizo ndizo alizozipeleka kwenye chumba cha Fundi, kule ambako juu ya mlango pameandikwa kwa rangi nyeupe: HATUTUPI.

Fundi hakuzipokea. Aliweka mikono nyuma akauliza, "Imeshakwenda wapi?"

"Nini imekwenda wapi?"

"Nguo. Sishoni nguo nisiyojua ilikokwenda."

Basi akamsimulia. Sketi ya kahawia ilivaliwa siku aliyopata kazi. Gauni la bluu lilikesha naye kituoni gari lilipoharibika, likatumika kumfunika mtoto wa abiria asiyemjua. Fundi alisikiliza akiwa ameinamisha macho, na hadithi ilipokwisha aliyainua, na Dirisha akasahau alichokuwa anataka kusema baada ya hapo. Hakuwahi kutazamwa hivyo. Kwenye dirisha la duka watu hutazama nguo tu, na yeye aliyeko nyuma ya kioo na pini mdomoni hawamwoni kabisa. Akarudi wiki iliyofuata na nguo nyingine, na nyingine, mpaka mwaka ukaisha na kabati lake likawa na nguo chache alizozijua kwa moyo, zote zimepita mikononi mwa Fundi.

"Mwanaume asiyetupa shati hawezi kumtupa mtu," alimwambia Dada. "Hilo ndilo nililompendea."

Macho ya Dada yalikuwa kwingine. Alikuwa ameshika pindo la koti na anatazama uzi uliochomoza kwenye mfuko. Akaingiza vidole, akaugeuza mfuko nje.

Nje koti lilikuwa jeusi. Ndani, mfuko ulikuwa wa kitambaa cheupe chenye ndege wadogo wekundu.

"Hiki umempa wewe?"

"Sijawahi kukiona," Dirisha alisema. Na hapo ndipo alipokumbuka jambo alilolizoea hadi akaacha kuliona: kila alipotia mkono katika mfuko ule asubuhi ya baridi, aliukuta una joto.

Walifungua kabati. Sketi ya kahawia, mfuko wa kushoto, bitana ya zambarau yenye nukta. Gauni la bluu, mfuko wa kushoto, kijani kibichi. Blauzi aliyoipeleka kwa ajili ya kola tu ilikuwa na kijifuko ndani ambacho hakuwahi kukigundua, nacho cha ndege wekundu. Kila nguo waliigeuza wakailaza kitandani, na zilipokwisha zote zilikuwa zimelala chali zimetoa ndimi. Dada aliinamisha pua.

"Poda," alisema. "Nusa. Zote zina harufu ya poda ileile, na wewe hupaki poda."

"Nimezifua mara ngapi, Dada. Harufu gani itabaki?"

"Ninusie basi uniambie."

Dirisha alinusa. Ilikuwepo, ya poda.

"Hivi si vitambaa vya watu mbalimbali," Dada alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Hili ni kabati la mwanamke mmoja. Kakatwakatwa, katiwa humu. Sikiliza, mdogo wangu. Umaskini wa mtu sina neno nao. Neno langu ni kuingia kwenye nyumba ambayo tayari ina mtu."

Dada alitaka waende pamoja. Dirisha alikataa. Alivaa koti lilelile, kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza na hakuwa na jingine; kuwa na nguo chache kuna ubaya wake pia. Njiani alijilazimisha kutembea mikono ikining'inia. Hata hivyo, alipofika kwenye mlango wa Fundi, aligundua kwamba mkono wa kushoto ulikuwa umejificha mfukoni zamani.

Chumba kile kilikuwa kirefu na chembamba. Nguo za wateja zilitundikwa kwenye waya uliopita juu kutoka ukuta hadi ukuta, na mlango ulipofunguka upepo uliziyumbisha zote upande mmoja, kisha zikatulia. Moja ya nyuma kabisa, karibu na pazia, ilichelewa kutulia. Cherehani ilikuwa kimya na kiti cha Fundi kitupu.

"Kaenda kutafuta uzi," sauti ilisema kutoka pembeni. "Wa kijivu. Kwa ajili yako."

Alikuwa mama wa marehemu. Siku zote alikaa pale dirishani na bati la vifungo mapajani, akivichambua kwa vidole bila kuvitazama, vya mfupa huku, vya plastiki kule. Alikuwa mpole kwa kila mtu. Mteja akija kuchukua suruali aliitwa mwanangu, muuza maji aliitwa mwanangu, hata polisi aliyekuja kubadilisha zipu aliitwa mwanangu. Dirisha peke yake, kwa mwaka mzima, alikuwa "wewe".

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu wewe, nitungie sindano hii. Macho yangu leo yamekataa."

Dirisha aliichukua sindano na uzi, akalamba ncha, akaupitisha tunduni mara moja. Alipoinua kichwa alikuta yule mama ameacha kuchambua. Bati liliteleza mapajani, na vifungo vikamwagika sakafuni, vikabingirika hadi chini ya pazia.

"Mwanangu alikuwa mashoto," mama alisema.

Dirisha aliutazama uzi. Alikuwa ameushika kwa mkono wa kushoto.

"Nimekuwa nikikuangalia tangu mvua za mwaka jana," mama aliendelea, polepole, kama anayemsemesha mtu aliye mbali. "Mwanzo ulikuwa ukiingia hapa kama mtu mwingine yeyote. Halafu ukaanza kusimama kwa kuegemea mguu mmoja. Ukaanza kuficha mkono mfukoni. Nikasema, uzee huu umeshaanza kunichezea. Nikanyamaza. Nani angenisikiliza, mama aliyefiwa anayemwona mwanawe kwa mteja?"

"Ndiyo maana hukuwahi kuniita mwanangu?"

"Niliogopa," mama alisema, "kwamba ungeitika."

Mvua iliongezeka juu ya paa. Dirisha alipiga moyo konde, akaugeuza mfuko wa koti nje, ndege wekundu wakaonekana. Mama alinyoosha mkono, akakishika kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akakisugua mara moja, na uso wake wote ukalegea.

"Kumbe sina wazimu," alisema.

"Ni cha kwake?"

"Gauni la kukaa nyumbani. Alilipenda mpaka likapauka. Yapo na mengine?"

Dirisha alimtajia. Zambarau yenye nukta. Kijani kibichi. Mama aliitikia kila moja kwa kichwa, mpaka Dirisha alipomaliza.

"Fundi aliniambia nguo zake amezigawa," mama alisema. "Kwa watu wa mbali, nisije nikakutana nazo njiani. Nilimwomba aniachie hata kitambaa cha kichwa, niweke juu ya mto. Akasema mama, zimekwisha, zote zimekwenda. Na mimi nakaa hapahapa, nachambua vifungo, na yeye amekaa hapo anamtia mwanangu ndani ya nguo zako kipande kwa kipande." Akainuka, jambo lililomchukua muda. "Njoo. Kama umeona hayo, uone yote."

Alilivuta pazia. Nyuma yake kulikuwa na kitu kimesimama, hakina kichwa, hakina mikono, na kimevaa gauni la kijivu la Dirisha. Lilikuwa limebanwa kwa pini kiunoni na lilikaa vizuri mno. Dirisha alirudi nyuma hatua moja kabla akili haijamwambia kwamba ni sanamu la kushonea.

"Walilitengeneza wenyewe, mke na mume," mama alisema. "Mwaka waliooana. Alimzungushia mwanangu karatasi na gundi mwili mzima, wakasubiri ikauke, na huyo mtoto anacheka, anamwambia usinichekeshe nitapasuka. Halafu akaikata mgongoni, akaitoa, akaijaza pamba. Hilo ni umbo lake mwenyewe. Kila nguo yako imepimwa hapo."

Dirisha alisogea. Aliweka kiganja kwenye kiuno cha sanamu, kisha kwenye chake. Alikumbuka kwamba mwezi wa kwanza gauni la bluu liliporudi lilimbana, akaona haya kusema. Halafu likaacha kubana. Alidhani Fundi amelilegeza. Na siku zote hizo watu walimwambia amependeza, amepungua, na Fundi hakuwahi hata mara moja kumpima. Yeye aliita hilo jicho la fundi. Alikuwa akijivunia kwa wenzake kazini kwamba amepata mwanaume anayemjua mwili wake bila futi.

Mlango ulifunguka. Nguo zote zikayumba.

Fundi aliingia amelowa, ameshika kikaratasi cha uzi wa kijivu kifuani asikiloweshe. Alimwona Dirisha kwanza, na kwa muda mfupi uso wake ulijaa furaha ya wazi, ile ya mtu ambaye ameishi wiki nzima akiisubiri siku moja. Moyo wa Dirisha ukamwendea. Hata katika hofu ile, ukamwendea. Kisha Fundi aliliona pazia.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Usiniite mama. Mwambie mwenzako."

Alikaa kwenye kiti cha cherehani. Hakukana, na Dirisha alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

"Alipokuwa anaumwa," Fundi alisema, "aliniambia nguo zake zisining'inie kabatini. Alisema nguo inayoning'inia bila mtu inatisha. Wape watu watakaozivaa. Nikaahidi. Lakini ningempa nani? Nikimpa jirani gauni lake, kesho yake namwona mke wangu anapita dirishani na ndoo ya maji. Sikuweza. Na kuzitupa siwezi, unajua siwezi. Zikakaa. Halafu ukaja wewe."

"Nikaja mimi na tundu kwapani."

"Ukaja ukanisimulia sketi imekwenda wapi. Nikasema, huyu anatunza. Nikaweka kipande kimoja tu, mfukoni, mahali pasipoonekana. Nilitaka mjuane."

"Amekufa, Fundi."

"Ndiyo maana sikuweza kumwuliza." Aliuweka uzi mezani. "Nilitaka akukubali. Nikaona zikikaa pamoja muda mrefu, nguo zake na zako, siku moja nitaamka nisijione nimemsaliti mtu. Najua linavyosikika."

"Na mifuko kushoto?"

Fundi alimtazama bila kuelewa. Akaiangalia mikono yake mwenyewe, kisha mfuko wa koti, kisha mkono wa Dirisha ulioshika bado ile sindano. Uso ukamsawajika.

"Sikukusudia hilo," alisema. "Naapa. Mikono imezoea kushona upande huo."

"Na mimi nikazoea kuvaa. Tazama nilipofika." Dirisha aliiweka sindano mezani. "Nilikupenda kwa sababu hutupi. Kazini kwangu kila kitu kinatupwa, nikakuona wewe, nikasema hapa ndipo mahali pa kubaki. Kumbe mimi ni kabati. Umetafuta mahali pa kumtundika mkeo, ukanipata mimi, nikasimama vizuri. Unaponiangalia, Fundi, unamwangalia nani?"

"Wewe."

"Una uhakika?"

Alifungua kinywa kujibu, akakifunga. Hilo lilimuuma Dirisha kuliko pazia, kuliko sanamu, kuliko yote aliyoyaona siku ile. Angeweza kuondoka. Mlango ulikuwa wazi na Dada alikuwa akimsubiri na chai. Badala yake alivua koti, akaliweka juu ya cherehani, akasimama katikati ya chumba na blauzi yake.

"Nipime," alisema.

"Sasa hivi?"

"Mwaka mzima hujanipima. Chukua futi. Mama ataje vipimo vya mwanawe, wewe utaje vyangu. Tujue nani yuko hapa."

Mama aligeukia ukuta, akawapa kisogo. Fundi alilitoa futi shingoni. Lilimponyoka, akaliokota.

"Mabega," alisema.

"Kumi na tano na nusu," mama alisema ukutani, bila kufikiri.

Fundi alisoma. "Kumi na tano na nusu."

"Kifua, thelathini na nne."

Alizungusha futi. Dirisha alihisi pumzi yake sikioni na hakuthubutu kuvuta yake. "Thelathini na nne."

"Kiuno, ishirini na saba."

Safari hii alichelewa. Alisoma, akasoma tena. "Ishirini na saba," alinong'ona.

Mwaka uliopita kiuno chake kilikuwa thelathini. Dirisha alikijua vizuri, kwa kuwa wakati ule, kabla hajaacha kununua, kazini alijipima kila walipoleta sketi mpya. Aliona nguo zilizoning'inia juu yao zimetulia kimya kabisa, na akasikia kijasho chembamba kikimtiririka ubavuni, mahali ambapo mshono wa Fundi ulipita. Alitaka kumwambia aache. Alitaka kuuliza kama mtu anaweza kuisha hivi, mchana, amesimama, anapendwa.

"Mkono," alisema, kabla ujasiri haujamwishia.

"Ishirini na mbili," mama alisema.

Fundi aliweka ncha ya futi begani, akaliteremsha taratibu, akapita kiwiko, akafika mwisho wa mkono wa blauzi. Futi halikuishia hapo. Aliendelea kuliteremsha juu ya ngozi tupu hadi kwenye kifundo, akaganda.

"Soma," Dirisha alisema.

"Ishirini na tatu na nusu."

Mama aligeuka. "Rudia."

Alirudia. Alipima na mkono wa pili. Sanamu halikuwa na mikono, na mikono ya nguo zote alikuwa ameikata kwa kukumbuka, na kukumbuka kwake kulikuwa kwa mtu mwingine. Dirisha alishusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu mabegani. Alitaka kucheka. Mwaka mzima alikuwa akivuta mikono ile kwa kuona haya, akidhani kasoro ni yake.

Fundi hakuinuka. Alikuwa amepiga goti bila kujua, ameshika kifundo chake kwa vidole viwili, anakitazama kama hajawahi kuona kifundo cha mtu.

"Hapa pana kovu," alisema.

"Lipo siku nyingi."

"Sijawahi kuliona."

"Limekuwa wazi mwaka mzima," Dirisha alisema. "Mikono uliyonishonea haikulifunika hata siku moja."

Machozi yalimdondoka Fundi, mazito, na hakuyafuta. Dirisha alitamani kuweka mkono juu ya kichwa chake, na alijizuia, maana alijua akimgusa sasa yataishia hapo na kesho atavaa tena lile koti.

"Hukuniuliza jibu," alisema.

"Naogopa kuliuliza."

"Basi sikiliza. Sijakukataa. Lakini siwezi kusema ndiyo nikiwa nimevaa hivi, kwa kuwa sitajua nani amesema. Nguo zangu zote nitazileta. Uzifumue, kipande kwa kipande, na kila kipande kirudi kwa mama huyu. Mikono utaishona upya kwa kipimo hiki. Mfuko weka kulia. Nikija kuzichukua, nitakuja na jibu langu mwenyewe, na wewe uwe na lako, kwa sababu mimi pia nimekuuliza swali na bado hujanijibu."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alisogeza koti, akachukua kifumulio, akaingiza ncha chini ya mshono wa kwanza. Uzi ulikatika kwa sauti ndogo, kisha mwingine. Mama alikuwa amerudi kwenye kiti chake na amekunjua khanga mapajani. Mfuko ulipoachia, Fundi aliupeleka mwenyewe, akaulaza pale, ndege wekundu juu.

Mama aliufunika kwa viganja vyote viwili.

"Mwanangu," aliita.

Dirisha alikuwa ameshafungua kinywa. Ulimi ulikuwa umeshajiweka tayari, na neno lilikuwa hapo hapo, "bee", jepesi, la mtu aliyezoea kuitwa. Akakaza meno. Alisubiri hadi ukimya ulipopita juu yao na kwenda zake, na mvua ikasikika tena, na yule mama akainamisha uso juu ya kitambaa akaanza kulia kilio alichokuwa amenyimwa.

Alipoweza kugeuka, Fundi alikuwa amesimama mbele yake. Hakutazama nguo. Ameweka mikono nyuma, kama siku ile ya kwanza, kama anavyofanya mbele ya kitu ambacho bado hajaruhusiwa kukishika.

"Hilo kovu," alisema. "Ulilipata wapi?"

Dirisha alilitazama, akalifunika kwa kiganja cha mkono wa kulia, akalifunua tena.

"Nilikuwa na miaka tisa," akaanza.